Fungu la Vijiti Vyeupe

Gari likigongwa ubavuni, wa kulitengeneza ni wawili: anayenyoosha bati na anayetafuta rangi. Kunyoosha bati ni kelele tupu, mtaa mzima unajua kuna kazi. Kutafuta rangi ni kazi ya kimya, na ikifanywa vizuri hakuna anayejua kwamba imefanyika. Mwenye gari atalizunguka mara tatu akitafuta ni mlango upi uliopakwa upya, atashindwa, kisha asante atampa mwenye nyundo. Ndivyo dunia ilivyo, na mimi nimechoka kugombana nayo.

Mtafuta rangi ninayemsimulia hapa watu walimwita Kijiti, kwa sababu ya namna yake ya kufanya kazi. Gari likiletwa, alibandua kile kifuniko kidogo cha tangi la mafuta, maana ndicho kipande cha gari kinachobebeka mkononi. Akachanganya rangi koponi, bluu kidogo, nyeusi kidogo, taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akachovya kijiti, akakiacha kikauke, akasimama nacho mlangoni saa nne asubuhi, jua likiwa bado lina adabu. Kijiti huku, kifuniko huku. Vikifanana husema neno moja tu, "Imekubali," anaandika namba ya gari kwa penseli upande usio na rangi, na kijiti kinaingia kwenye waya. Kila rangi ilikuwa na fungu lake ukutani: nyekundu, bluu, kijani, na lile nene kuliko yote, la nyeupe. Kitabu hakuwa nacho. Ukimuuliza rangi ya gari la miaka ishirini iliyopita, anakuonyesha waya.

Akishasema "imekubali" alitoka nje kunawa na kunywa chai, na hapo ndipo kazi ilipopokewa na mkewe. Mama huyu ndiye aliyekaa kaunta akiuza msasa, tina na puti, na ndiye aliyechuja rangi kwa soksi kuukuu kabla haijatiwa kwenye bomba la kupulizia la Nyundo, mnyoosha bati wa banda la pili. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mteja mkorofi angeweza kufoka nusu saa nzima, na mama akamjibu "Mmh" mara mbili, na mteja akaondoka anaomba radhi.

Sasa, Kijiti alikuwa na jicho moja tu linaloona, la kulia, na lazima niseme lile la kushoto lilikwenda wapi, maana habari yote imelalia hapo. Zamani, wangali vijana, tina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, ilimrukia jicho la kushoto, na tangu siku hiyo likawa jekundu na la kuwasha. Mkewe akaenda duka la dawa akanunua matone. Muuzaji hakuuliza swali. Na matone yalikuwa mazuri kweli, hapo ndipo penye uchungu: siku mbili tu, wekundu ukaisha. Basi kila jioni Kijiti akawa analaza kichwa mapajani kwa mkewe, tone moja, tone la pili. Chupa ikiisha, inanunuliwa nyingine. Wakaenda hivyo miaka miwili, na hakuna daktari aliyepima kitu. Dawa ile ilikuwa ya kutumia kwa muda mfupi, chini ya macho ya mtaalamu. Ukiizoea peke yako inapandisha presha ndani ya jicho, na presha inaua mshipa wa kuonea bila hata kukuuma. Walipojua, jicho lilikuwa limekwisha.

Kijiti hakumlaumu mkewe hata kwa neno moja. Lakini kunyamaza kwake nako, jamani! Kuna kimya ambacho wewe unakitoa kama msamaha, na mwenzio anakipokea kama hukumu. Tangu mwaka ule mama yule hakumtia mumewe machoni hata tone la maji.

Miaka ikapita, watoto wakakua, kila mmoja akaenda mji wake. Kijiti alipopita miaka sitini, mtoto wa jicho akaanza kuota kwenye jicho la kulia, lile moja alilobakiza.

Na ukungu wenyewe haukuja na ubaya. Ulikuja kama usingizi wa mchana. Dunia ikageuka rangi ya asali. Mchana wote ukawa kama ile saa kumi na moja ya jioni ambayo watu hutoka nje wakae tu bila sababu. Taa za barabarani zikaota manyoya. Kuta za nyumba zikalainika, na mkewe kule kaunta akapoteza mikunjo yote ya uso, akarudi msichana. Kijiti alikaa mlangoni na chai yake akimtazama, akiona raha, wala hakumwambia mtu. Nani angeenda kulalamika kwamba mke wake amekuwa mzuri?

Ila ukungu una tabia ya kuongezeka. Asubuhi moja alimwamkia mtu aliyesimama karibu na kabati, akangoja aitikiwe, akamwamkia tena kwa heshima zaidi. Lilikuwa ovaroli lake mwenyewe, limetundikwa msumarini. Nyundo, yule mnyoosha bati wa banda la pili na rafiki yake wa siku zote, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatazama uso wa rafiki yake, na kicheko kikamkauka. Wiki hiyohiyo Kijiti na mkewe walikwenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, wa umri wa binti yao, na hakuwa mtu wa kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alieleza kwamba angepasua kidogo sana, aitoe lenzi iliyochakaa, aweke mpya. Wengi sana wanaona vizuri baadaye. Wachache, mmoja katika mamia mengi, wanapata maambukizi au damu ndani ya jicho, na miongoni mwa hao wako wanaolipoteza.

"Mwenye macho mawili namwambia hatari ni ndogo," alisema. "Kwako mzee ni ndogo vilevile. Ila ikitokea, imechukua yote."

Kijiti akauliza, na asipofanya chochote? Daktari akasema jicho litazima polepole, na likikomaa sana hata upasuaji wake utakuwa mgumu zaidi. Halafu akataja matone ya kutumia baadaye. Kijiti akamwomba arudie jina. Lilikuwa lilelile. Dawa ileile iliyoua jicho la kushoto. Mkewe aliinuka kitini akatoka chumbani bila kuaga, wakabaki wanausikia mwendo wake ukienda mbali kwenye korido.

Daktari alipoelezwa habari yote, hakuibeza. Akasema dawa ni ileile, lakini safari hii ni ya wiki nne tu, ikipunguzwa kila wiki, na kila akija kliniki presha ya jicho itapimwa. Bila hiyo jicho lililopasuliwa lingevimba. Dawa haikuwa imebadilika, alisema. Kilichokosekana zamani ni mtu wa kuitazama.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hawa walikuwa wanaonyeshwa nyoka mwenyewe. Kijiti alifikiri siku tisa. Ya kumi, kwenye chai ya asubuhi, akasema anataka kuiona nyeupe kabla hajafa, maana hana hakika tena anachokiita nyeupe ni kitu gani. Mkewe alizungusha kikombe chake.

"Mimi chupa ile sitaishika," alisema.

"Usiishike," akajibu Kijiti.

Upasuaji ulifanyika akiwa macho, jicho limetiwa ganzi. Baadaye alisema hakuna ndoto iliyowahi kumpa kitu kama kile. Alilala chini ya mwanga mkubwa, na mwanga ukaanza kuyeyuka. Ukawa maji, na ndani ya maji zikaja rangi zinaelea bila chombo, waridi, kijani changa, dhahabu inayojikunja na kujikunjua. Alimsikia daktari akiimba kwa pua, mbali, kama mtu wa nyumba ya jirani anayefua. Zikapita dakika, au ukapita mwaka. Kisha katikati ya maji yale ikaingia bluu moja, bluu hasa, akataka kuinua mkono achovye kijiti, akakumbuka ameambiwa asijitikise.

Kesho yake asubuhi wakambandua kitambaa, na bluu ikawa bado ipo. Ilikuwa kwenye beseni, kwenye kivuli cha dirisha, kwenye mishipa ya mikono yake mwenyewe. Alikuwa ameishi miaka ndani ya chupa ya asali na sasa mtu amefungua kizibo. Alilia, na nesi akamkataza kulia, akashindwa kuacha, nesi akacheka naye.

Walipotoka uani, Kijiti akasimama ghafla. Mbele yao palikuwa na gari la wagonjwa la hospitali ile, jeupe, ambalo rangi ya mlango wake wa nyuma aliitafuta yeye miaka mitatu nyuma, katikati ya ukungu. Akaliendea. Akatazama mlango, akatazama ubavu, akarudi mlangoni. Weupe ulikuwa mmoja, usioachana hata kidogo.

"Umeona?" akamwambia mkewe. "Nusu kipofu, na bado nilipatia."

"Mmh," mkewe alisema, akiangalia viatu vyake.

Nyumbani ikabaki kazi ya matone, mara nne kwa siku. Mama alishasema, na neno lake halikuwa na mlango wa nyuma. Basi akapewa Nyundo. Mola amemjalia Nyundo vitu vingi, lakini mkono mwepesi hakumpa. Katika matone matano, mawili yalitua jichoni, yaliyobaki yalimwosha Kijiti masikio. Karatasi ya hospitali ilisema anayetia dawa anawe kwa sabuni kwanza. Nyundo alijifuta mikono kwenye suruali, ambayo ilikuwa chafu kuliko mikono, akasema tayari. Mama alisimama kizingitini amegeuka, akitazama barabara.

Siku ya nne asubuhi aligeuka. Alikuwa anapita tu na ndoo, akamtazama mumewe aliyekaa dirishani, akaweka ndoo chini.

"Wekundu wa jana ulikuwa na waridi," alisema. "Huu wa leo una zambarau. Na pale kando, weupe umeingia kijivu. Twende."

Kijiti akasema anasikia uzito kidogo tu, na nesi alishawaambia wekundu ni kawaida. Nyundo akaja, akatazama kwa makini, akasema kwake yeye nyekundu ni nyekundu. Wakati huo mama alikuwa ameshavaa viatu na kushika kitambulisho cha kliniki. Mtu asiyezoea kusema akisema, unatii tu.

Ndivyo, ile bahati mbaya ya mmoja katika mamia ilikuwa imebisha hodi kwenye jicho pekee lililobaki. Maambukizi yalikuwa yameingia ndani. Walimchoma sindano ya dawa ndani ya jicho lenyewe, na mimi nikisema hivyo mwili unanisisimka, lakini ndiyo iliyomwokoa. Usiku wa kwanza hakuona chochote ila giza la kijivu linalopumua. Alilala chali akijaribu kuikumbuka ile bluu, akiogopa sana, akijiambia kwamba aliiona siku nne na kuna watu hawakuiona hata moja. Mkewe alikaa kwenye kiti cha mbao asubuhi mpaka jioni, siku tano, mikono yake ameikalia.

Jicho likarudi. Si lote: taa zikabaki na pete, na pembeni pakabaki utando mwembamba ambao hautaondoka. Daktari alisema wangengoja hadi kesho yake wangekuwa wanaongea mengine. Akauliza nani aliyeona mabadiliko mapema hivyo, maana hata manesi wake wangeweza kupitwa. Kijiti akamwonyesha mama. Daktari akauliza mama anafanya kazi gani.

"Anachuja rangi tu," alisema Kijiti.

Vumbi la bandani lilikuwa bado marufuku, kwa hiyo aliporudi nyumbani aliomba mafungu yake ya vijiti yaletwe barazani ayatazame, kama wengine wanavyotazama picha za harusi. Nyundo akayabeba. Ikawa saa nne asubuhi, jua la adabu. Kijiti akaanza na nyekundu, akaridhika. Kisha akachukua fungu la nyeupe, akavifuatisha vijiti kimoja kimoja kwenye waya kuanzia mwaka wa kwanza. Nyeupe, nyeupe, nyeupe safi. Miaka mingi ya nyeupe. Halafu, kama miaka sita nyuma, vijiti vikaanza kuingia manjano. Kwanza kidogo, kama maziwa yaliyodondokewa na chai. Kisha chai ikazidi.

Alijiambia ni uzee wa rangi. Lakini vya zamani zaidi ndivyo vilivyokuwa safi, na uzee hauanzi kwa vijana. Akatafuta namba ya gari la wagonjwa, akakipata kijiti chake. Kilikuwa cha manjano. Na lile gari alikuwa ameliona kwa jicho hili hili, mlango na ubavu weupe mmoja.

Akakaa nacho mkononi muda mrefu. Barabarani watu walipita, sauti zao zikawa mbali, naye akaliona banda lake kwa mawazo, hatua kwa hatua: anachanganya, anachovya, anasimama mlangoni, anasema imekubali, anatoka nje kunywa chai. Na rangi inabaki ndani na mtu mmoja.

Alimtazama Nyundo. Nyundo akatazama dari, mtu wa miaka sitini, kama aliyekamatwa na sukari mdomoni. Akasema yeye alikuwa akiona tofauti koponi, na kabla hajapuliza ilikuwa imeshasahihishwa, akadhani ni utaratibu wa watu na ndoa yao. Kisha akakumbuka ana bati linamngoja.

Hasira ilimpanda Kijiti, msidanganyike. Miaka sita amejisifu mtaa mzima. Miaka sita amesimama mlangoni kama jaji, akitoa hukumu inayobatilishwa nyuma yake kwa soksi. Mkewe alipotoka na kumkuta na kijiti kile mkononi, hakujifanya haelewi. Akakaa kwenye ngazi.

"Ulikuwa unatia matone mangapi?"

"Kwa hilo gari la hospitali, bluu matatu," alisema mama. "Na nyeusi, ncha ya sindano tu. Nyekundu zako sikuzigusa. Zilikuwa sawa siku zote."

"Miaka sita. Kwa nini hukuniambia?"

Mama alijibu akiiambia mikono yake. "Ningekuambia ungekwenda hospitali. Ungekwenda, wangekupa chupa kama ile. Halafu ni nani angekutia? Jicho la kwanza nililiua mimi."

Neno hilo lilikuwa limekaa ndani miaka zaidi ya thelathini, na sasa liko nje, barazani, saa nne asubuhi. Hasira ya Kijiti ikatafuta mahali pa kusimama, ikakosa. Alijua vizuri kabisa ni kimya cha nani kilichomfanya mwanamke huyu afikiri hivyo. Na kwa kuogopa chupa, mama naye alikuwa ameacha ukungu ukomae miaka sita. Hakuna aliyekuwa na la kumfundisha mwenzie.

"Lile jicho tuliliua watu watatu," alisema. "Wewe, muuza dawa, na mimi. Wekundu uliisha siku ya pili, mama. Unafikiri miaka miwili yote nilikuwa nalala mapajani pako kufuata dawa?"

Mkewe akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali Kijiti akamwona sawasawa. Mikunjo yote ilikuwa imerudi, mingi kuliko alivyokumbuka. Ile sura ya msichana ilikuwa ya ukungu. Akaona anaipenda hii zaidi, akaona aibu kuisema, lakini akaisema.

Saa ya dawa ilikuwa imefika. Akatoa chupa mfukoni akamnyooshea.

"Mkono uliotia bluu miaka sita, gari hata moja lisirudishwe, hauwezi kulikosa jicho. Nyundo ameniosha masikio vya kutosha."

Mama aliingia ndani. Maji yakasikika, na sabuni, muda mrefu. Akatoka na mikono inayometa hadi viwikoni, akakaa, na Kijiti akalaza kichwa mahali alipokiacha miaka ile. Juu yake ukaja uso wa mkewe, na nyuma ya uso, mbingu ya bluu.

"Usifumbe," mama alisema.

"Sifumbi. Nakutazama."

Akaiinamisha chupa, na tone likatua katikati ya jicho.